Kichwa cha Shangazi Hakijaisha

"Geuka, mama, geuka! Njia hii imefungwa!"

Mama Pacha hakugeuka. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake wa kazi kifuani kama mtoto, na yule kijana aliyekuwa akimpigia kelele, mwenye redio ya mkononi na fulana ya tamasha, alikuwa bado anahangaika kufunga fundo upande wa pili wa kichochoro. Akainama, akapita chini ya kamba, akanyooka ndani.

"Si nimesema imefungwa?"

"Nimesikia. Naenda kwa shangazi yangu."

"Huku leo wanapita wasanii tu, mama."

"Basi na mimi nihesabu," alimjibu bila kusimama. "Mimi ni msusi."

Hakuwahi kuuona mji ule wa kale ukiwa umevaa. Kila mwaka alikuwa akija kumtembelea Shangazi baada ya tamasha, mabango yakiwa yameshachanika na vichochoro vimerudishiwa paka wake. Safari hii alikuja katikati ya kiangazi, mambo yamepamba moto. Kwenye kuta zilizochubuka vilining'inia vitambaa vya rangi. Watu wa mironjo, juu ya miguu yao mirefu ya miti, walipita wakiinamisha vichwa chini ya vibaraza vya ghorofa. Kila kona kulikuwa na kipaza sauti kinachojaribiwa, moja, mbili, moja, mbili, kana kwamba tatu haijavumbuliwa. Wageni walitembea wakitazama juu, madirishani na kwenye nakshi za milango.

Mama Pacha alitazama vichwa. Aliona mistari iliyokazwa hadi paji la uso linang'aa. Aliona msichana aliyeanza kufumua nywele zake mwenyewe, akakata tamaa katikati, akavaa kofia. Kwa kichwa tu angeweza kukwambia nani ana mtu wa kumtunza na nani hana.

Hakuja kustarehe. Alikuja kumchukua Shangazi.

Shauri lilitoka kwa mtoto wa Shangazi, ambaye tangu utotoni aliitwa Bosi, kwa sababu katika kila mchezo yeye alisimama pembeni akielekeza wengine. Bosi alikuwa amempigia simu.

"Mama anakusikiliza wewe, dada. Mimi nikifungua mdomo tu ananiuliza kama nimekula."

"Kwani umekula?"

"Usianze. Sikiliza. Watu wa tamasha wanautaka mlango wa nyumba kwa ajili ya mchezo wao, na chumba cha mbele wabadilishie nguo. Halafu magoti yake yale, joto hili, makelele haya. Akae kwako msimu huu tu."

"Na msimu ukiisha?"

"Tutaona."

Lile neno alilisikia vizuri. Lakini alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, mstari haujafika shingoni, akaliacha lipite. Isitoshe, Bosi hakukosea kila kitu. Magoti ya Shangazi yalikuwa mabovu, paa lilivuja, na bibi wa umri ule kuishi peke yake ni kutafuta maradhi. Mama Pacha hakuwa mtu wa kulia juu ya mambo yenye dawa. Aliwahamishia pacha wake sebuleni, akatandika kitanda chao shuka safi, akapanda basi la asubuhi. La alasiri lingewarudisha wote wawili.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa mwisho wa kichochoro, mlango wa buluu uliopauka, na mbele yake ngazi mbili za mawe zilizobonyea katikati kwa kukaliwa. Nyumba ya jirani, ya Mama Vitunguu, ilikuwa imepakwa rangi mpya nyeupe. Jiwe alilokuwa akifulia lilikuwa limewekwa vyungu vya maua. Mlangoni hapakuwa tena na tundu la ufunguo. Palikuwa na kitasa cha kubonyeza namba.

Shangazi alikuwa amekaa ngazi ya chini na ungo mapajani, akichambua mchele. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele nyeupe zimesimama kila upande. Nyuma yake, mlangoni, lilikuwapo begi lililofungwa. Lilifungwa na Bosi. Ilijulikana kwa namna mkono wa gauni ulivyochungulia kwenye zipu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunichukua au kunisuka?"

Mama Pacha alitua mkoba. Maneno yote aliyoyapanga ndani ya basi, ya paa na magoti, aliyaacha.

"Vyote viwili," alisema.

"Basi anza na kusuka. Mimi sipandi gari na kichwa kama mtu aliyeamuliwa ugomvi."

"Nakusuka haraka haraka, mistari michache ya kwenda nyuma. Mtindo wa twende kilioni unakutosha."

"Kilioni kwa nani? Nani kafa?" Shangazi aliweka ungo kando. "Nisuke myembamba. Ianzie sikioni, izunguke ipande juu, kama nilivyokuwa nikikusuka wewe sikukuu."

"Ile ni ya siku nzima, shangazi. Tutaachwa na basi."

"Basi hurudi kesho. Kichwa changu nitalala nacho leo."

Ndani ya nyumba kulikuwa na giza na joto la tanuri, kwa hiyo walibaki hapohapo nje. Mama Pacha alikaa ngazi ya juu, Shangazi ngazi ya chini kati ya magoti yake, juu ya mto uliokonda. Zamani ilikuwa kinyume. Mama Pacha alipofiwa na baba, akiwa bado anang'oka meno ya utoto, dada huyu wa baba ndiye aliyemchukua, na kwenye ngazi hizihizi ndipo kichwa chake kilipovutwa, kikapakwa mafuta, kikapigwa kofi dogo kila kilipogeuka kutazama wapita njia. Hapa ndipo vidole vyake vilipojifunza kazi. Alikishika kile kichwa sasa, akashangaa kilivyo chepesi.

"Unanigusa kama yai," Shangazi alisema. "Kaza mkono."

Akagawa njia ya kwanza kwa mkia wa kitana, toka sikioni. Nywele zilikuwa laini kuliko alivyozikumbuka, zikiteleza kama uzi wa hariri. Ilibidi kuchukua kidogo kidogo na kukaza tangu mwanzo. Mstari ukaanza kupanda.

Hapo ndipo Shangazi alipokohoa kidogo, kama mtu anayejisemea tu.

"Mama Vitunguu alikuja juzi."

"Hajambo? Si yuko kwa mwanawe?"

"Yuko kwa mwanawe. Alikwenda kwa msimu." Shangazi alinyoosha mguu mmoja, akasugua goti. "Alikuja akasimama pale, akautazama ukuta. Kisha akapiga hodi. Kwenye nyumba aliyozalia watoto wake wote, akapiga hodi. Akatoka mgeni mmoja na taulo kiunoni. Akamuuliza kama yeye ndiye mama wa usafi."

Vidole vya Mama Pacha vikasimama.

"Akamjibuje?"

"Alimwambia ndiyo. Akaingia, akafagia, akatoka. Alitaka tu kuona jiko lake." Shangazi akarudisha kichwa mahali pake, kati ya yale magoti. "Suka, mwanangu. Mbona umeacha?"

Akasuka. Kichochoroni watu wa tamasha walikuwa wakifunga taa kwenye ukuta wa mbele na kupanga viti vya mbao, wakiwaruka wao wawili kwa macho kama watu wanavyoruka dimbwi. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umekaribia kwisha alipofika mwanamume mwenye sanduku la vifaa, akasimama mbele yao akijipangusa jasho.

"Samahani, akina mama. Nipisheni kidogo nifikie mlango. Fundi vitasa."

"Nani amekuita?" Mama Pacha aliuliza.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye huyu unayetaka kumruka."

Fundi alimtazama Shangazi, akatazama boksi alilobeba kwapani. "Mimi nimeambiwa na jamaa mmoja, mtoto wake nadhani. Kaninunulia kabisa kitasa. Amesema nitakuta nyumba tupu."

Akalifungua boksi kuonyesha kwamba hasemi uongo. Kitasa kilikuwa kizuri, cheusi, kinang'aa, kina vitufe vya namba. Ndugu wa kile cha jirani, tumbo moja.

Mama Pacha hakuwa mwepesi wa kuwashuku watu. Lakini hakuwa mjinga pia. Mtu anayekwenda kwa msimu hufungiwa mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akaondoka nao kwenye sidiria. Habadilishiwi kitasa.

Akakumbuka lile "tutaona". Akakumbuka na shuka safi alizotandika, akasikia uso unamwaka.

"Fundi," alisema taratibu, "kichwa hakijaisha."

"Itachukua dakika chache tu, mama. Mkisogea hapo..."

"Wewe ukiwa umefungua kitasa cha watu, umekitoa chote, mlango una tundu, unaweza kuondoka ukaenda kunywa chai?"

"Hapana. Kazi haiachwi hivyo."

"Haya. Na hii ni kazi."

Fundi akaliona hilo. Akafunga boksi lake, akasema atarudi.

"Rudi kichwa kikiisha," Shangazi alimwambia, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

Hiyo ilikuwa sheria yake, na Mama Pacha alikua nayo. Kichwa kikishaanzwa, anayesuka haondoki na anayesukwa hahami, mpaka mstari wa mwisho ufungwe. Wakati jiko la jirani lilipowahi kushika moto, Shangazi alimalizia mstari kwanza ndipo akauliza kama moto umezimwa. Watu walimcheka miaka na miaka. Lakini hakuna aliyewahi kutoka kwenye ngazi zile na kichwa nusu.

Basi la alasiri liliondoka bila wao. Mama Pacha alijua, kwa sababu simu ilianza kulia mkobani. Ilikuwa ya Bosi. Akamwomba Shangazi amshikie kitana, akapokea kwa mkono wenye mafuta.

"Dada, mko wapi? Fundi ananiambia mmemfukuza."

"Hatukumfukuza. Tunasuka."

"Mnasuka? Sasa hivi? Watu wa mchezo wanaanza jioni hii!"

"Sawa, waanze."

"Dada, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana msimu. Kitasa hukuniambia."

Halafu Bosi akashusha sauti, ile ya kubembeleza. "Unajua paa lile linahitaji nini? Unajua mimi nimeshahangaika na nyumba ile kiasi gani? Wageni wakilala pale angalau itajitunza."

"Na mama yako atajitunza wapi?"

"Kwako! Si umeshatandika?"

"Nimetandika," alisema Mama Pacha. "Akija kunitembelea, atalala. Akichoka, atarudi kwake." Akakata simu, akapangusa mafuta kwenye kioo cha simu kwa upindo wa gauni, akaomba kitana.

Jua liliposhuka nyuma ya mapaa, yule kijana wa redio akaja. Kumbe ndiye mratibu wa mchezo wenyewe. Sauti ilikuwa imemkauka kwa siku nzima ya kupiga kelele, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi.

"Mama zangu, shikamooni."

"Marahaba."

"Nisikilizeni tafadhali. Watazamaji wako pale kwenye kamba, nawaachia sasa hivi. Tulihakikishiwa patakuwa patupu hapa. Sisemi mwende mbali. Ingieni ndani tu, mtatutazamia dirishani."

Hakuwa na ubaya. Mama Pacha aliliona hilo, na ndilo lililofanya iwe vigumu. Kijana alikuwa na kazi yake, naye alitaka imalizike vizuri.

"Mchezo unahusu nini?" Shangazi aliuliza.

"Ni mama mmoja, bibi. Binti yake aliondoka zamani. Anamngoja."

"Anamngojea wapi?"

Mratibu akasita. "Hapa. Kwenye ngazi."

"Na huyo mama ni nani?"

"Mwigizaji wetu. Bado kijana, ila tunampaka poda nyweleni."

Shangazi aliinua mkono, akashika upande wa kichwa chake uliokuwa bado haujasukwa, ule mweupe uliosimama.

"Poda," alisema. "Haya."

"Mwanangu," Mama Pacha alisema, "ningekusaidia. Lakini akiinuka hapa leo, hakai tena. Umenielewa? Kuna mtu na kitasa chake anasubiri pale kona. Kwa hiyo haingii ndani, wala mimi siingii. Waachie watu wako waje."

Kijana alimtazama yeye, akamtazama Shangazi, akatazama begi lile pale mlangoni na mkono wa gauni uliochungulia. Redio ikamkoromea kiunoni. Akaizima.

"Mtanyamaza?" aliuliza.

"Sisi tunasuka," alisema Shangazi. "Makelele tumewaachia nyinyi."

Kamba ikafunguliwa. Watu wakamiminika, wakajaza viti, wengine wakasimama kando ya kuta na watoto mabegani. Taa zikawashwa, na mlango wa buluu ukawa buluu kama siku ulipopakwa. Mwanzoni watu walinong'ona wakiwaonyesha kidole wale wawili. Mama Pacha aliyasikia macho yale yote mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza tangu alipojifunza kazi, njia ikampinda. Akaifuta kwa kidole, akagawa upya. Akanyoosha mgongo.

Ngoma ikapigwa. Mlango nyuma yao ukafunguliwa, akatoka mwigizaji, aliyekuwa ameingia kwa mlango wa uani kubadili nguo, katika vazi refu, nywele zake nyeupe kwa poda, mikono imetangulia kama mtu anayepapasa giza. Alidhani ngazi ni yake. Akawakuta. Akasimama.

Mratibu kule pembeni aliuma kola ya fulana.

"Pita, mwanangu," Shangazi alisema, bila kugeuza kichwa, maana kichwa kilikuwa kimeshikwa. "Angalia tu usinikanyage vidole."

Kicheko kikalipuka kichochoro kizima. Mwigizaji alingoja kitulie. Kisha akajikunja polepole, kizee kabisa, akakaa ngazi ya chini ubavuni mwa Shangazi, akatazama kule mwisho wa kichochoro ambako binti angetokea. Akaanza maneno yake. Na kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi, akaichukua chupa ya mafuta ya nywele iliyokuwa kando yao, akaishika mapajani. Kila Mama Pacha aliponyoosha kiganja, alimmiminia kidogo, bila kukatisha sentensi.

Hivyo ndivyo mchezo ulivyokwenda. Shangazi aliufuata kwa makini, na pale binti alipochelewa kuliko ilivyoelezeka, alisikika akiguna, "Ah, watoto!" na mbele kabisa mwanamke mmoja akapangusa macho.

Binti hakurudi. Ndivyo ulivyoandikwa. Taa zikafifia, makofi yakapigwa, mwigizaji akainama, kisha akawageukia wale wawili akawainamia wao pia. Poda kidogo ikamwangukia Shangazi begani.

Watu hawakuondoka mara moja. Wengine walikaa chini palepale kwenye mawe, wakizungumza. Na katikati yao, funguo za gari zikimning'inia kidoleni, alisimama Bosi. Fundi vitasa alikuwa nyuma yake na boksi kwapani.

Bosi hakupandisha sauti. Palikuwa na watu wengi mno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Bosi akafumba macho kidogo. "Dada," alisema, "kimebaki kiasi gani?"

Mama Pacha alikuwa amefunga mstari wa mwisho wakati wa makofi. Alikigeuza kichwa kile taratibu kwenye mwanga. Mistari ilitoka sikioni, ikazunguka, ikapanda, myembamba, iliyolingana, ikakutana utosini bila unywele mmoja kukimbia. Tangu aanze kazi hakuwahi kukisuka kichwa vile. Akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule alioanza nao wakati bado akiwaza basi.

"Huu umepinda," alisema.

"Uko wapi umepinda?" Bosi alisogea. "Mbona umenyooka?"

"Umepinda," alisema Shangazi, ambaye hakuwa na kioo.

Mama Pacha akafungua fundo utosini kwa ncha ya kitana, akachomeka mkia wake kwenye msuko, akaanza kufumua. Fundi vitasa alitazama kidogo, kisha akaketi juu ya sanduku lake. Bosi alitafuta pa kukaa, akakosa, akaegemea vile vyungu vya maua vya jirani. Nywele ziliachia moja moja, nyeupe chini ya ile taa moja iliyosahauliwa kuzimwa, zikibaki na mawimbi ya mahali zilipokuwa zimekazwa.

"Nishikie mafuta, shangazi," alisema, na akagawa njia upya kutoka sikioni.